Taya Halitafuni Peke Yake: Jinsi Shingo Inavyoshiriki Katika Mlo na Dalili Ambazo Mwananchi Hapaswi Kuzipuuza

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kutafuna ni kitendo ambacho kila mwananchi hukifanya kila siku bila kukifikiria. Mkulima wa Kasulu anayekula muhogo wa kuchemsha pembezoni mwa shamba lake, na mama wa Kibondo anayekula ugali na maharage pamoja na familia yake, wote huamini kwamba kazi hiyo ni ya meno na taya. Imani hiyo ni kweli nusu. Katika kila tafuno misuli ya shingo nayo hufanya kazi, na bila msaada wake kinywa hakiwezi kufunguka ipasavyo, chakula hakisagiki vizuri na kumeza huwa kwa shida.

Makala haya yanaeleza namna taya na shingo zinavyoshirikiana. Elimu hii ina manufaa ya moja kwa moja kwa kaya. Humsaidia mzazi kujua wakati wa kumwanzishia mtoto chakula na humsaidia anayemuuguza mgonjwa kujua namna ya kumlisha. Zaidi ya hayo, humsaidia kila mwananchi kutambua mapema dalili za pepopunda, ugonjwa ambao huanza kwa kulishika taya, kisha shingo, na ambao huua iwapo matibabu yatachelewa.

Misuli inayofunga kinywa na ile inayokifungua

Taya la juu limeungana na fuvu na halisogei. Linalosogea ni taya la chini, ambalo limeshikizwa kwenye fuvu kwa viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Weka ncha za vidole mbele ya masikio yako kisha fungua na kufunga kinywa: utasikia viungo hivyo vikizunguka na kuteleza.

Kila upande wa uso una misuli minne mikuu ya kutafuna. Wa kwanza ni msuli wa shavuni, unaoanzia kwenye mfupa wa shavu na kuishia kwenye pembe ya taya. Wa pili ni msuli wa panja, uliotandaa kama upepeo pembeni mwa kichwa. Ukikaza meno huku umeweka viganja kwenye mashavu, kisha kwenye panja, utahisi misuli hiyo ikivimba na kuwa migumu. Misuli miwili iliyobaki imejificha ndani ya taya. Mmoja husaidia kuliinua, na mwingine hulivuta mbele na pembeni ili magego yapate kusaga. Misuli yote hii hupokea amri kupitia neva ya tano kati ya jozi kumi na mbili za neva zitokazo moja kwa moja kwenye ubongo.

Kazi ya kufungua kinywa hufanywa kwa sehemu kubwa na misuli iliyo chini ya kidevu. Mingi kati ya misuli hiyo imejishikiza kwenye mfupa mdogo wenye umbo la upinde ulioko juu kidogo ya zoloto. Mfupa huo una sifa ya pekee, kwa kuwa haujaungana na mfupa mwingine wowote. Umening'inia kwa misuli na kano tu. Ili misuli ya chini ya kidevu iweze kulivuta taya kwenda chini, ni lazima mfupa huo ushikwe imara usipande juu. Wanaoushika ni misuli ya mbele ya shingo, inayoteremka hadi kwenye mfupa wa kifua na bega. Hivyo, tangu hatua ya kwanza kabisa ya kufungua kinywa, shingo huwa imekwisha kuingia kazini.

Kwa nini shingo ni lazima ishiriki

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4 hadi 5, na uzito huo umeegemea mbele kidogo ya mahali kichwa kinapokaa juu ya uti wa mgongo. Ndiyo maana mtu anayesinzia akiwa ameketi huangusha kichwa mbele. Anapokuwa macho, misuli ya nyuma ya shingo hukivuta kichwa kwa kiasi kidogo wakati wote ili kisianguke.

Mtu anapotafuna, kazi hiyo huongezeka. Misuli inayolivuta taya chini hukivuta kichwa nacho kuelekea kifuani. Ni sawa na kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili: ukitaka kuivuta nguzo moja, nyingine sharti isimame imara, vinginevyo zote mbili zitainama. Misuli ya nyuma na ya pembeni ya shingo ndiyo inayoisimamisha nguzo ya pili.

Hata hivyo, shingo haibaki imesimama tu. Tafiti zilizofanywa kuanzia miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Sweden, kwa kupima mienendo ya kichwa na taya kwa pamoja, zilionesha kuwa kinywa kinapofunguka, kichwa huinuka kidogo kuelekea nyuma, na kinapofungwa, kichwa hurudi mbele. Jambo lililowavutia zaidi watafiti hao ni wakati wa kuanza kwa mienendo hiyo. Kichwa huanza kusogea sambamba na taya, na mara nyingine hutangulia. Maana yake ni kwamba kichwa hakitikiswi na taya. Ubongo hutoa mpango mmoja wa kazi unaoziamuru taya na shingo kwa pamoja.

Tafiti hizo ziliendelea kuonesha kwamba tonge likiwa kubwa au gumu, kichwa huinuka zaidi. Vilevile, watu waliofungwa kichwa na shingo ili visisogee walishindwa kufungua kinywa kwa upana wao wa kawaida, ingawa hakuna kitu kilicholigusa taya lao.

Mwananchi anaweza kujihakikishia ukweli huu bila kifaa chochote. Weka kiganja nyuma ya shingo, chini kidogo ya kisogo, kisha fungua kinywa polepole hadi mwisho. Utahisi misuli ikijikaza na kichwa kikiinuka kidogo. Baada ya hapo, inamisha kidevu hadi kiguse kifua, kisha jaribu kukifungua kinywa kwa upana uleule. Utaona kuwa haiwezekani.

Mahali amri inapotoka

Mtu huanza kutafuna kwa hiari yake, lakini akishaanza, hahitaji kuamuru kila tafuno. Chini ya ubongo, mahali unapokutana na uti wa mgongo, pana mtandao wa seli za neva unaoendesha mdundo huo wenyewe, kwa kiasi cha tafuno moja au zaidi kidogo kwa kila sekunde. Ndiyo maana watu huweza kula huku wakiendelea na mazungumzo yao.

Mdundo huo hauendi kwa upofu. Kwenye mizizi ya meno, ndani ya misuli ya taya na ndani ya misuli midogo iliyo chini ya kisogo, kuna vipokezi vingi vinavyoujulisha ubongo jinsi chakula kilivyo kigumu, taya lilipo na kichwa kilivyokaa. Kila aliyewahi kuuma kokoto kwenye maharage anajua kasi ya taarifa hizo. Taya husimama na kufunguka papo hapo, kabla mwenyewe hajapata muda wa kufikiri.

Taarifa za uso na zile za sehemu ya juu ya shingo hupokelewa mahali palepale, chini ya ubongo. Hii ni sababu mojawapo inayofanya mtu mwenye maumivu ya shingo ahisi maumivu hayo kwenye panja au kuzunguka jicho, na mwenye tatizo la kiungo cha taya alalamikie shingo. Anayepata maumivu ya aina hiyo kwa muda mrefu anashauriwa kumweleza mtaalamu wa afya habari za sehemu zote mbili, badala ya kutumia dawa za kutuliza maumivu siku baada ya siku.

Pamoja na amri ya kukaza, ubongo na uti wa mgongo hutoa amri nyingine yenye uzito uleule, nayo ni amri ya kulegea. Misuli inayofunga kinywa inapojikaza, ile inayokifungua huambiwa ilegee, kisha zamu hubadilishwa. Bila amri ya kulegea misuli yote ingevutana kwa wakati mmoja, na taya lingekwama. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa ndilo ufunguo wa kuuelewa ugonjwa wa pepopunda.

Mtoto, mzee na mgonjwa

Ushirikiano wa taya na shingo huonekana mapema katika maisha ya binadamu. Wataalamu wa lishe huelekeza kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Katika umri huo, pamoja na mahitaji ya lishe kuongezeka, mtoto wa kawaida huwa amekwisha kuimudu shingo yake na anaweza kuketi kwa kuegemezwa. Mtoto ambaye kichwa chake bado kinaangukaanguka hana uwezo wa kuliongoza taya na ulimi kwa usalama. Kumlaza chali, kukiinamisha kichwa chake nyuma na kummiminia uji kwa nguvu ni hatari, kwa sababu uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Mtoto aliyetimiza miezi 6 na bado hajaweza kukishika kichwa chake apelekwe kliniki akaangaliwe.

Hali hiyo huweza kumrudia mtu mzima aliyepatwa na kiharusi au mzee aliyedhoofika. Mgonjwa wa namna hiyo alishwe akiwa ameketi wima, mgongo na kichwa vikiwa vimeegemezwa vizuri, na kichwa kisiinamishwe nyuma. Tonge la ugali liwe dogo na laini, mboga iwe na mchuzi, na anayelisha asubiri hadi mgonjwa ameze kabla ya kumpa tonge lingine. Asilazwe mara baada ya kula. Akikohoa au akipaliwa kila anapokula, apelekwe kituoni kwa uchunguzi.

Wale wenye meno machache au maumivu ya taya wapunguziwe kazi ya kutafuna. Muhogo mbichi, mahindi makavu ya kuchoma na nyama ngumu hulitaka taya na shingo vitumie nguvu nyingi, ilhali muhogo uliochemshwa ukalainika, maharage yaliyoiva vizuri, ndizi za kupika na viazi vitamu hutoa chakula kwa kazi ndogo zaidi.

Amri ya kulegea inapozuiwa: ugonjwa wa pepopunda

Bakteria wa pepopunda huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, ikiwa ni pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vimelea vyake hujifunika gamba gumu na huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Katika wilaya za wakulima na wafugaji kama Kasulu na Kibondo, ambako jembe, panga na samadi ni sehemu ya maisha ya kila siku, hakuna namna ya kuuondoa udongo wenye vimelea hivyo.

Vimelea hivyo vinapoingia kwenye kidonda, hasa kile kirefu chenye mdomo mdogo kama cha msumari, mwiba au ncha ya jembe, huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo husafiri ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo na sehemu ya chini ya ubongo. Huko huzuia amri ya kulegea isitolewe. Amri ya kukaza hubaki peke yake, bila mpinzani.

Kwa wagonjwa wengi, taya ndilo linaloshikwa kwanza. Mgonjwa huona shida kufungua kinywa, kutafuna na kumeza, na uso wake huweza kukazwa akaonekana kama anayetabasamu ilhali hana furaha. Shingo hufuata kwa kuwa ngumu, kisha tumbo na mgongo. Baadaye mwili mzima hujikaza kwa ghafla na kwa maumivu makali, hata kwa kuguswa kidogo, kwa mwanga au kwa kelele. Akili ya mgonjwa hubaki timamu muda wote. Misuli ya kupumua ikishikwa, mgonjwa hufariki dunia.

Dalili hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na mara nyingi ni baada ya wiki moja hivi. Muda huo unatosha kidonda kidogo kupona na kusahaulika, hata familia isiuhusishe mkazo wa taya na mwiba uliomchoma mtu wiki iliyopita.

Kwa mtoto mchanga, vimelea huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kisicho safi au kilichopakwa udongo, samadi au vitu vingine vya asili. Mtoto aliyezaliwa akanyonya vizuri kwa siku mbili za mwanzo, kisha akashindwa kunyonya na mwili wake ukaanza kukakamaa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Jina la ugonjwa huu limebeba neno "pepo", na kukakamaa kwa mgonjwa huku akili yake ikiwa timamu kumewafanya baadhi ya watu waamini kuwa amepatwa na nguvu zisizoonekana. Ukweli ni kwamba chanzo chake kinajulikana, kinga yake ipo, na kila saa inayopotea kabla ya kufika hospitali humpunguzia mgonjwa nafasi ya kupona.

Si kila taya lililokaza ni pepopunda

Taya huweza kukaza kwa sababu ya jipu la jino, jino la mwisho linaloota vibaya, matumbwitumbwi, kuumia kiungo cha taya au matumizi ya baadhi ya dawa. Shingo ngumu inayoambatana na homa kali na kichwa kuuma huweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo, ambayo nayo ni dharura. Kazi ya kutofautisha magonjwa haya ni ya wataalamu. Wajibu wa mwananchi ni kumfikisha mgonjwa kwao mapema.

Mtu aliyekaza taya na shingo asilazimishwe kufungua kinywa kwa kijiko wala kwa kijiti, na asipewe chakula, maji au dawa ya kunywa ikiwa hawezi kumeza. Awekwe mahali penye utulivu, asizungukwe na watu wengi wenye kelele, na asafirishwe haraka kwenda katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kwa wagonjwa wanaohitaji uangalizi mkubwa zaidi, rufaa hutolewa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma, Maweni. Matibabu hujumuisha kusafisha kidonda, dawa ya kupambana na sumu, dawa za kuua bakteria na dawa za kulegeza misuli, na huweza kuchukua wiki kadhaa.

Kinga ipo na hutolewa bila malipo

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianzishwa mwaka 1975, na chanjo ya pepopunda ni miongoni mwa chanjo zake za mwanzo. Leo mtoto huipata ndani ya chanjo ya pamoja inayotolewa akiwa na umri wa wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mjamzito huchanjwa anapohudhuria kliniki, na kinga yake hupita kwa mtoto aliye tumboni. Kutokana na jitihada hizo, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga, yaani ugonjwa umeshuka chini ya mtoto 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya.

Mafanikio hayo hayana maana kwamba vimelea vimetoweka. Pepopunda haiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, na kwa sababu hiyo chanjo ya jirani haiwezi kukukinga wewe. Anayekingwa ni aliyechanjwa tu. Hata aliyeugua akapona hapati kinga, hivyo naye hulazimika kuchanjwa. Kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita. Wanawake hupata nafasi ya kuiongeza wanapokuwa wajawazito, lakini wanaume wengi wanaolima, kuchimba, kujenga na kuchunga hupitisha miaka mingi bila kuongezewa dozi.

Kwa msingi huo, kila anayejeruhiwa kwa jembe, panga, msumari, mwiba, mfupa au pembe ya mnyama anashauriwa kukiosha kidonda mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kutokipaka udongo, samadi wala majivu, na kwenda katika zahanati iliyo karibu siku hiyohiyo ili akaangaliwe na kuelezwa kama anahitaji chanjo. Wajawazito wanahimizwa kuhudhuria kliniki mapema na kujifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya. Wazazi wanakumbushwa kuitunza kadi ya kliniki ya mtoto na kukamilisha dozi zote kwa tarehe zilizoandikwa.

Viongozi wa vijiji na vitongoji pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaombwa kuufikisha ujumbe huu katika mikutano ya hadhara na katika ziara za nyumba kwa nyumba, hususan kabla ya msimu wa kilimo, ili kila kaya itambue kwamba mtu aliyekuwa akila vizuri jana na leo hawezi kufungua kinywa, huku shingo yake ikiwa ngumu, hapaswi kusubiri hadi kesho.